Kishale Kisichonaswa: Istilahi na Matatizo ya Kunasa Skrini

Utangulizi

Miongoni mwa kazi ambazo kompyuta imezileta katika skuli na ofisi zetu ni ile ya kunasa skrini, yaani kuhifadhi katika video yale yote yanayoonekana juu ya kioo cha kompyuta pamoja na sauti ya mtu anayeyaeleza. Kwa muda mrefu kazi hii ilikuwa ya mafundi wachache. Mwezi wa Machi 2020, skuli zilipofungwa Tanzania Bara na Zanzibar kwa sababu ya maradhi ya korona, ilianza kuwahusu hata walimu ambao hawakuwahi kuifikiria. Ofisi nazo huihitaji kila zinapotaka kumwonyesha mwananchi jinsi ya kujaza fomu kwa njia ya kompyuta.

Katika kazi hii limejitokeza tatizo moja ambalo kwa sura ni dogo, lakini huweza kuubatilisha mchana mzima wa kazi. Mwalimu hufundisha kwa kukipeleka kishale huku na huku, akisema, "Bonyeza hapa, kisha nenda pale." Akimaliza na kuitazama video yake, huona madirisha yakifunguka na kufungika yenyewe, lakini kishale hakimo. Au kimo, lakini kinaelekeza pengine kabisa.

Hasara yake ni ya lugha kabla ya kuwa ya ufundi. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa maneno ya kuonyesha mahali: hapa, hapo, pale, huku, huko, kule, humu, humo, mle. Maneno haya yote huhitaji kidole. Kidole kikiondolewa, "hapa" haina maana yoyote kwa msikilizaji, na mwanafunzi aliyelipia kifurushi cha intaneti ili aitazame video hiyo huwa amenunua sauti isiyo na mwelekeo.

Makala haya yanakusudia mambo mawili: kueleza kwa nini kishale hupotea au hukosea njia, na kupendekeza istilahi ambazo zitamwezesha mwalimu, mfasiri na mtumishi wa serikali kulitaja kila tatizo kwa jina lake. Mambo haya hayatengani, kwani ugonjwa usio na jina ni vigumu kuutafutia dawa.

Kasa au kishale?

Kifaa kinachoshikwa kwa mkono kimekwisha kupata jina linalofahamika na wengi, nalo ni kipanya. Asili yake ni Marekani. Douglas Engelbart na mwenzake Bill English walikitengeneza cha kwanza mwaka 1964, katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, kikiwa ni kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili. Tarehe 9 Disemba 1968 Engelbart alikionyesha hadharani mjini San Francisco. Waya wake uliwakumbusha mkia wa panya, na jina likabaki. Wako wanaosema puku badala ya kipanya. Wote wawili wamemfuata mnyama yule yule. Neno kipanya lina faida ya kuingia bila taabu katika ngeli ya ki-vi: kipanya kimeharibika, vipanya vimenunuliwa. Haidhuru kwamba wakazi wa Dar es Salaam waliwahi kuyaita hivyo hivyo mabasi madogo ya abiria, kwani hakuna atakayechanganya basi na kifaa cha mezani.

Tatizo liko kwa ile alama inayotembea juu ya skrini. Kwa Kiingereza huitwa kwa neno lenye asili ya Kilatini, ambalo maana yake ni mkimbiaji. Kabla ya kompyuta, neno hilo lilitumika kwa kile kipande chenye kioo na mstari mwembamba kilichotelezeshwa juu ya rula za kukokotolea hesabu. Mtu akilitohoa neno hilo kwa matamshi yetu atapata "kasa".

Hapa ndipo msomaji wa Unguja anaposimama. Kasa ni mnyama wa baharini, mwenye gamba, anayetaga mayai yake mchangani. Ni ndugu wa ng'amba, na huko Nungwi wageni hupelekwa kumtazama katika bwawa la Mnarani. Tena neno hilo hilo lina maana ya upungufu katika kuhesabu, kama tunaposema saa mbili kasa robo. Mfasiri akiandika, "Kasa akipotea, mrudishe katikati ya skrini," hakuna sheria ya sarufi aliyoivunja, lakini amemfanya msomaji acheke mahali alipopaswa kufuata maelekezo. Akiandika "kasa ikipotea" ili kumwepuka mnyama, ameongeza utata wa upatanisho wa kisarufi juu ya utata wa maana.

Utaratibu uliozoeleka katika uundaji wa istilahi zetu ni kuanza na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Afrika, na mwisho lugha za kigeni. Kwa jambo hili hatuna haja ya kusafiri mbali. Neno kishale limekwisha kutumika, linaeleweka mara moja, na wingi wake ni vishale.

Yupo atakayepinga kwamba alama hiyo haina umbo la mshale siku zote. Mara huwa mkono, mara mstari wima, mara duara linalozunguka wakati wa kusubiri. Jawabu lake limo katika saa zetu za ukutani. Tunasema mshale wa saa hata kama chuma chenyewe hakina umbo la mshale, na wazee husema akrabu, neno la Kiarabu ambalo maana yake ya asili ni nge. Hakuna anayemtafuta nge ndani ya saa. Jina limeifuata kazi, si umbo, na kazi ya kishale ni kuelekeza.

Hata hivyo, ni lazima kishale kitofautishwe na alama nyingine inayochanganywa nacho mara kwa mara, yaani ule mstari mdogo unaopepesa kama jicho, unaoonyesha mahali ambapo herufi itaandikwa. Huo hausogezwi na kipanya; husogea kwa kadiri mtu anavyoandika. Tunapendekeza uitwe alama ya kuandikia. Tofauti hii si ya kutafuta makosa madogo madogo. Alama ya kuandikia huchorwa na programu ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo hunaswa pamoja na maandishi. Kishale hakichorwi hivyo, na tofauti hiyo ndiyo chanzo cha matatizo tunayoyaeleza.

Kwa nini kishale hakinaswi

Tuchukue mfano wa meza ya ofisi iliyofunikwa kwa kioo, na chini ya kioo pamewekwa hati. Nzi akitua juu ya kioo, mtu aliyeketi mezani humwona nzi na hati kwa pamoja, kana kwamba ni kitu kimoja. Lakini mtu akiichukua hati ile na kuipeleka kwenye mashine ya kunakilia, nakala itatoka bila nzi. Nzi hakuwa juu ya karatasi. Alikuwa juu ya kioo.

Ndivyo kilivyo kishale. Picha ya skrini hutengenezwa na kuwekwa katika kumbukumbu ya kadi ya michoro, kisha hupelekwa kwenye kioo mara nyingi katika sekunde moja, aghalabu mara 60. Kama kishale kingechorwa ndani ya picha hiyo, kila kinaposogea kompyuta ingelazimika kukirudisha kile kilichofunikwa na kuchora upya mahali pengine. Ili kuepuka kazi hiyo, kadi ya michoro hukihifadhi kishale peke yake, kikiwa ni picha ndogo, na kukiweka juu ya picha kubwa wakati ule ule wa kuipeleka kwenye kioo. Tunapendekeza sehemu hiyo iitwe tabaka la kishale.

Msomaji anaweza kulithibitisha hili mwenyewe. Katika kompyuta inayotumia Windows, abonyeze kitufe cha kupiga picha ya skrini, kisha aibandike picha hiyo katika programu ya kuchorea. Kwa kawaida ataona kila kitu isipokuwa kishale.

Kutokana na hayo, programu ya kunasa skrini, ambayo tutaiita kinasa skrini kwa kufuata mfano wa kinasa sauti, ina kazi mbili na si moja. Kwanza, huchukua picha iliyo chini. Pili, huuliza mfumo endeshi kishale kiko wapi na kina umbo gani, kisha hukichora yenyewe juu ya kila picha iliyoinasa. Kwa maneno mengine, kishale tunachokiona katika video si kile kilichosogezwa na mwalimu, bali ni nakala iliyochorwa baadaye. Pale ambapo kazi hii ya pili haikufanywa, au imefanywa vibaya, ndipo matatizo yanapozaliwa.

Aina tano za matatizo

1. Kishale kilichofichika. Hiki hakimo kabisa katika video. Mara nyingi sababu ni kwamba kinasa skrini hakikuagizwa kukichora. Katika OBS Studio, kwa mfano, ambayo ni programu isiyolipiwa iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2012, upo mpangilio wa kunasa kishale katika sifa za chanzo cha picha, na mtumiaji hutakiwa kutia alama ya vema ndani ya kisanduku chake. Sababu nyingine ni kwamba programu inayonaswa imekificha kishale kwa makusudi, kama yanavyofanya maonyesho ya slaidi baada ya muda wa kutulia. Vile vile mtu anayegusa kioo kwa kidole badala ya kutumia kipanya hatakuwa na kishale cha kunasa.

2. Kishale pacha. Hapa huonekana vishale viwili, kimoja kikikifuata kingine. Maana yake ni kwamba picha ya chini ilikuwa tayari na kishale, na kinasa skrini kimeongeza cha pili. Jambo hili hutokea hasa mtu anapoitawala kompyuta iliyo mbali kwa kupitia kompyuta yake: kishale cha kule huja ndani ya picha, na cha hapa huchorwa juu yake. Dawa yake ni kuchagua kimoja na kukiondoa kingine, ama kwa kuondoa vema katika kinasa skrini, ama kwa kubadili mipangilio ya programu ya kuitawala kompyuta ya mbali.

3. Kishale kilichokengeuka. Hiki kimo, lakini kiko kando ya mahali kinapostahili. Sababu kubwa ni ukuzaji, yaani ule mpangilio unaofanya maandishi na vitufe vionekane vikubwa zaidi. Tuseme kioo kina nukta 1920 kwa upana, nao ukuzaji ni asilimia 150. Programu isiyoujua ukuzaji huo huambiwa kwamba upana ni nukta 1280, yaani 1920 zilizogawanywa kwa 1.5. Kishale kilicho kwenye nukta ya 150 kitachorwa kwenye nukta ya 100, na kosa ni nukta 50. Kilicho kwenye nukta ya 1500 kitachorwa kwenye ya 1000, na kosa limefika nukta 500. Kwa hiyo dalili ya ugonjwa huu ni kosa kuwa dogo karibu na pembe ya juu kushoto, na kuzidi kuwa kubwa kuelekea chini kulia. Dawa iliyo rahisi ni kurejesha ukuzaji kwenye asilimia 100 wakati wa kunasa, au kutumia toleo jipya zaidi la kinasa skrini.

Lakini kosa likiwa lile lile kila mahali, ukuzaji hauna lawama. Likiwa kubwa, yafaa kuchunguza kama kuna vioo viwili vilivyounganishwa, au kama kilichonaswa ni kipande tu cha skrini, na kinasa skrini kimehesabu kuanzia pembe isiyohusika. Likiwa dogo, na likionekana tu kishale kinapokuwa na umbo la mkono au la mstari wima, basi kinasa skrini kimeisahau ncha. Kila umbo la kishale lina nukta moja inayobonyeza hasa. Katika mshale nukta hiyo iko kwenye pembe ya juu kushoto ya picha yake ndogo. Katika mkono iko kwenye kidole. Katika mstari wima iko katikati.

4. Kishale chenye kigugumizi. Hiki huruka kutoka mahali hadi mahali bila kupita katikati. Video ni mfululizo wa picha zilizotulia, na kila moja huitwa fremu. Kama kinasa skrini kinachukua fremu 10 kwa sekunde, kishale huonekana mara moja tu katika kila sehemu ya kumi ya sekunde, na mkono mwepesi huweza kuvuka nusu ya skrini katika muda huo. Fremu 30 kwa sekunde zatosha kwa masomo. Ikiwa kompyuta haina nguvu ya kuzifikia, zifungwe programu zisizohitajika, na kompyuta ya mapajani ichomekwe kwenye umeme, kwani nyingi hupunguza kasi zinapotegemea betri. Na mwalimu mwenyewe ausogeze mkono polepole; hii ni dawa isiyohitaji fundi.

5. Kishale hafifu. Hiki kimenaswa sawasawa, lakini mtazamaji hakioni. Mshale wa kawaida wa Windows una takribani nukta 12 kwa upana na 19 kwa urefu. Video iliyonaswa kwa upana wa nukta 1920 ikipunguzwa hadi 640 ili iwe nyepesi kwa simu, mshale huo hubaki na nukta 4 kwa 6, tena ukiwa mweupe juu ya ukurasa mweupe. Kwa kuwa wanafunzi wengi hutazama kwa simu, tatizo hili halifai kudharauliwa. Dawa yake ni kukikuza kishale na kukipa rangi inayoonekana katika mipangilio ya kompyuta kabla ya kuanza kunasa.

Jaribio la pembe nne

Kwa vile matatizo haya huonekana baada ya kazi na si wakati wa kazi, inapasa kufanya jaribio fupi kabla ya somo. Mwalimu anase sekunde ishirini tu. Katika muda huo akipeleke kishale kwenye pembe zote nne za skrini, akitulize kidogo katika kila pembe, akipitishe juu ya kitufe ili kigeuke mkono, na juu ya maandishi ili kigeuke mstari wima. Kisha aitazame video hiyo katika simu, si katika kompyuta aliyonasia.

Kishale kisipoonekana, tatizo ni la kwanza au la tano. Vikionekana viwili, ni la pili. Kisipofika pembeni, au kikikosea mahali kinapobadilika umbo, ni la tatu. Kikiruka, ni la nne. Kwa njia hii hata mtu aliye mbali na fundi ataweza kumweleza kwa simu tatizo lake kwa neno moja, na fundi akajua pa kuanzia.

Istilahi zinazopendekezwa

Kinasa skrini: programu inayohifadhi katika video yanayoonekana juu ya kioo cha kompyuta.
Kishale: alama inayosogezwa na kipanya ili kuelekeza au kuchagua.
Alama ya kuandikia: mstari unaopepesa mahali herufi itakapoandikwa.
Ncha: nukta moja ya kishale ambayo ndiyo inayobonyeza.
Tabaka la kishale: sehemu iliyo juu ya picha ya skrini, ambamo kishale huwekwa peke yake.
Nukta: chembe ndogo kuliko zote ya picha katika skrini. Zingatia: kwa kuwa baadhi ya wasemaji hutumia nukta kwa maana ya sekunde, katika maandishi ya kompyuta wakati utajwe kwa sekunde.
Fremu: picha moja iliyotulia katika mfululizo wa video.
Ukuzaji: mpangilio wa kuongeza ukubwa wa vitu katika skrini, unaotajwa kwa asilimia.
Kufichika, upacha, kukengeuka, kigugumizi, uhafifu: aina tano za matatizo ya kishale zilizoelezwa hapo juu.

Hitimisho

Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya msingi wa Kiunguja. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa na kazi ya kuyasanifisha maneno yaliyokwisha kusemwa. BAKITA tangu 1967 na BAKIZA tangu 1986 yamekuwa na kazi ngumu zaidi, ya kuyatafutia majina mambo yanayofika kabla ya majina yake. Mfasiri anayechagua kati ya kasa na kishale huamua kama mwalimu wa skuli ya shamba ataweza kujisaidia mwenyewe, au atalazimika kumsubiri mtu kutoka mjini.

Lipo tena funzo jingine, ambalo ni la walimu na watumishi wote wanaonasa skrini. Hata baada ya kuyatibu matatizo yote matano, kishale kitakuja kupotea siku moja, na anayesikiliza bila kutazama, au asiyeona vizuri, hatakiona hata kikiwepo. Kwa hiyo isisemwe tu "bonyeza hapa", bali isemwe "bonyeza kitufe cha Hifadhi, kilicho juu, upande wa kulia". Kitu kikitajwa kwa jina lake na mahali pake, somo husimama hata kidole kikiondoka. Lakini ili vitajwe, hapana budi viwe na majina, na majina hayo yawe mamoja katika vitabu, katika madarasa na katika fomu za serikali. Wasomaji wenye maneno bora kuliko haya tuliyoyapendekeza, hasa yale yanayosemwa tayari na mafundi na wanafunzi wa Unguja na Pemba, wanaombwa wayalete ili yapimwe.